Antena ya umeme: sikiliza mota kabla ya kuing'oa

Toyota Celica za mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado zinaonekana Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Zungukia nyuma ya mojawapo uangalie fenda ya nyuma, pale ambapo zamani antena ilichomoza yenyewe redio ilipowashwa. Utakuta kijiti kilichopinda, au tundu lililozibwa kwa silikoni, au pezi la plastiki lililobandikwa juu ya paa ili kuficha aibu. Ukimuuliza mwenye gari, jibu lake ni fupi: “Ilikufa.”

Mara nyingi haikufa. Mota ipo, gia zipo, nyaya zipo. Kilichokatika ni kamba nyembamba ya nailoni iliyokuwa ikisukuma fimbo juu na kuivuta chini, na hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika mtambo mzima. Anayelijua hilo hununua fimbo mpya yenye kamba yake na jioni hiyohiyo anasikiliza taarifa ya habari. Asiyelijua hununua antena nzima ya gari jingine, anatoboa bodi ili iingie, na baada ya masika mawili anaanza kupambana na kutu.

Ndiyo maana kazi hii inaanza kwa sikio kabla ya spana.

Chuma kirefu chenye maadui wengi

Redio ya gari ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Galvin ya Chicago iliingiza sokoni redio yake ya gari, Motorola 5T71, mwaka 1930. Blaupunkt ya Ujerumani ikafuata mwaka 1932. Tangu wakati huo wahandisi wamekuwa wakihangaika na jambo moja: chuma kirefu kinachosimama nje ya bodi kinapokea mawimbi vizuri, lakini kina maadui wengi. Upepo unakifanya kipige mluzi, matawi yanakikunja, mashine ya kuoshea magari inakivunja, na watoto wa mtaani wanakigeuza mchezo.

Baadhi walikificha ndani ya kioo. General Motors walipitisha waya mwembamba kwenye kioo cha mbele cha Pontiac Grand Prix ya mwaka 1969. Wengine wakaamua kitoke kinapohitajika na kujificha kazi ikiisha. Waliopenda zaidi njia hii ya pili ni watengenezaji wa magari ya kifahari na ya spoti. Mbunifu aliyekesha akilainisha mstari wa gari kutoka boneti hadi buti hakutaka kuona fimbo imesimama juu ya kazi yake gari likiwa limeegeshwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, Toyota Supra, Celica, Nissan 300ZX na Mazda RX-7 ziliuzwa katika masoko mengi zikiwa na antena ya umeme, na mara nyingi ilifungwa nyuma, karibu na buti, mbali na kelele za mfumo wa kuchomea mafuta.

Afrika Mashariki ilizifahamu gari hizi vumbini kabla ya kuzifahamu lamini. Datsun 240Z, mtangulizi wa 300ZX, ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Celica ilichukua 1984, 1985 na 1986, ikarudi 1990, kisha ikashinda mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ushindi wa 1994 ulikuwa wa Mkenya Ian Duncan. Vijana waliosimama kando ya barabara kuzishangilia walikua, wakapata kazi, na baadhi yao wakaagiza za kwao kutoka Japani. Zilishuka bandarini na redio zake, maandishi yake ya Kijapani na antena zake.

Kilichomo ndani ya fenda

Ukifungua zulia la pembeni mwa buti utakutana na kasha la chuma au plastiki lenye ukubwa wa kiganja, na mrija mrefu unaopanda kwenye tundu la bodi. Ndani ya kasha kuna mota ndogo ya volti 12. Mota hiyo inazungusha gia zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu. Gia ya mwisho ina meno yanayoumana na meno ya kamba ya nailoni. Kamba yenyewe imejiviringisha ndani ya ngoma, na ncha yake ya juu imeshikizwa kwenye kipande chembamba kuliko vyote vya fimbo.

Fimbo ni mirija kadhaa ya chuma inayoingiana. Redio ikiwashwa, ngoma inaachia kamba, kamba inasukuma kipande chembamba juu, nacho kikifika mwisho wake kinabeba kinachofuata. Redio ikizimwa, mota inageuza mzunguko na kuvuta kila kitu chini. Fimbo ikifika mwisho wa safari, au ikikwama njiani, klachi ndogo inateleza ili mota isiungue, halafu swichi au rilei inakata umeme.

Kamba imeumbwa ibebe uzito wa fimbo safi inayoteleza. Fimbo ikishapinda kidogo, au vumbi likishikana na mafuta kwenye maungio yake, kamba inabeba kazi ambayo si yake. Ongeza na joto la fenda iliyopigwa jua miaka thelathini: nailoni inakauka, inageuka rangi, inakuwa ngumu. Siku moja inakatika, au meno yake yanalika na gia inazunguka bila kushika kitu. Kwa hiyo kubadilisha kamba na kuiacha fimbo ileile iliyopinda ni kuahirisha tatizo tu. Madukani vitu hivi viwili huuzwa pamoja, na sababu ni hiyo.

Sauti na maana zake

Simama karibu na fenda, umwombe mtu awashe redio.

Ukisikia mota ikinguruma kwa sekunde kadhaa kisha ikanyamaza, na fimbo haikusogea, umeme ni mzima na mota ni nzima. Kamba imekatika au imekwisha meno. Hili ndilo tatizo la kawaida, na ndilo rahisi kutibika.

Ukisikia ta-ta-ta-ta, kitu kinaruka ruka, basi gia inaruka meno au klachi inateleza kwa sababu fimbo imekwama. Usiivute kwa mkono ukidhani unaisaidia. Ipanguse kwanza kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ujaribu tena. Ikiwa imepinda, hata ukiinyoosha haitarudi kuteleza kama zamani.

Kukiwa kimya kabisa, usiguse fimbo. Anza na fyuzi, kisha waya wa umeme wa kudumu, kisha mahali kasha linaposhikana na bodi, kisha waya wa amri kutoka kwenye redio. Kwa magari yenye rilei ya antena iliyokaa peke yake, ipime na yenyewe. Mota ni mtuhumiwa wa mwisho: ipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri uone kama itazunguka, kabla hujaihukumu.

Dalili nyingine ni ile ya antena inayopanda vizuri lakini haishuki mtu akizima gari. Hapo mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna mtu aliyeunganisha waya vibaya.

Nyaya tatu na fundi wa redio

Antena nyingi za umeme zinahitaji mambo matatu: umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, muunganiko wa bodi, na waya wa amri ambao kwa kawaida ni wa bluu. Redio ikiwashwa, waya wa bluu unapata volti 12 na antena inapanda. Redio ikizimwa, volti zinaondoka na antena inashuka. Sasa fikiria: dereva ametoa ufunguo, gari limezimwa, fimbo bado iko juu. Nguvu ya kuishusha itatoka wapi? Itatoka kwenye ule umeme wa kudumu. Fundi aliyefunga redio mpya akiunganisha nyaya zote mbili kwenye umeme wa ufunguo, ufunguo ukitoka antena inaganda hewani, na kesho yake tawi la mwembe linamaliza kazi.

Redio za kisasa zimeleta mkanganyiko wa pili. Huja na waya wa bluu mtupu na mwingine wa bluu wenye mstari mweupe. Ule mtupu ni wa antena: unapata umeme pale tu mtu anaposikiliza vituo vya redio. Ule wenye mstari ni wa kuamsha amplifaya, nao uko hai muda wote redio inapofanya kazi, hata kama muziki unatoka kwenye simu. Ukiunganisha antena kwenye wenye mstari, fimbo itapanda na kushuka kila mara bila faida, na kamba itachakaa kwa safari ambazo hakuna aliyezihitaji. Kubadilisha waya huo ni kazi ndogo inayoongeza maisha ya antena kwa miaka.

Kazi yenyewe

Tuseme sauti imethibitisha kwamba kamba ndiyo mbovu na fimbo mpya imepatikana. Kwenye gereji zinazoijua kazi hii hufanywa na watu wawili: fundi nyuma ya gari, mwenye gari kwenye usukani.

Fundi anafunika rangi ya fenda kwa kitambaa, kisha anafungua nati ya juu taratibu, maana spana ikiteleza hapo inaacha mkwaruzo ambao utamwudhi mwenye gari kuliko antena yenyewe. Anaishika fimbo ya zamani kwa mkono wa kushoto.

“Bosi, washa redio!”

Mota inanguruma. Fimbo inapanda, fundi anaivuta kwa upole kadiri inavyokuja, na ikiwa kamba bado ni nzima yote inatoka. Ikiwa imekatika, kipande cha juu kinatoka mkononi na kingine kinabaki ngomani. Wakati mwingine gia inakitema chenyewe redio ikiwashwa na kuzimwa mara chache. Kisipotoka, kasha lote linashushwa.

Hapo ndipo simu inapofaa kuliko spana: piga picha kila hatua unapofungua, kwa sababu gia na wosha zikichanganyika mpangilio mota itazunguka na hakuna kitakachosogea. Ndani utakuta grisi ya kiwandani iliyogeuka gundi ya kahawia, na ndani ya gundi hiyo vipande vya nailoni vilivyovunjika kama kucha zilizokatwa. Toa kila kimoja. Kipande kimoja kikibaki kati ya meno kitaitafuna kamba mpya siku ileile ya kwanza. Futa grisi kuukuu yote, paka nyepesi kwenye gia peke yake, na uiache ngoma ikiwa kavu.

Kabla ya kuingiza kamba mpya, ilaze kando ya ile ya zamani ukiunganisha vipande vyake. Ikizidi urefu, fimbo haitazama yote ndani ya fenda. Kisha angalia meno yameelekea upande gani, kwa sababu lazima yaikabili gia. Fundi anaishusha kamba ndani ya mrija hadi anahisi imegusa, anaizungusha kidogo kidogo mpaka meno yaumane.

“Zima, bosi!”

Mota inavuta. Kamba inapita kati ya vidole vya fundi, naye anaishika wima ili isijikunje mdomoni mwa mrija. Kama inateleza bila kuvutwa, anaigeuza robo mzunguko na wanarudia. Ikishashika, haichukui muda: kamba inaisha, kipande chembamba kinafuata, mirija mingine inaingia, na kinachobaki nje kinasukumwa kwa kiganja hadi shingo ya fimbo ikae mahali pake. Nati inarudi.

“Washa tena. Zima. Washa.”

Mara ya kwanza ncha inaweza kubaki nje kidogo. Mizunguko michache inamaliza tofauti hiyo kamba inapojipanga ngomani.

Urefu si mapambo

Kuna wanaouliza kwa nini wajisumbue wakati pezi la plastiki linauzwa kila kona. Jibu liko kwenye hesabu. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na antena ya fimbo inafanya kazi vizuri ikikaribia robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Kijiti kilichokatika kikabaki na urefu wa kidole kinapokea kwa shida, na pezi la kubandika ambalo halina saketi ya kukuza mawimbi ni pambo tu. Kwa masafa ya kati hali ni mbaya zaidi: wimbi la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300, kwa hiyo fimbo yoyote ya gari ni fupi na kila sentimita ina thamani.

Msingi wa fimbo nao ni sehemu ya antena. Nati isipogusa chuma safi cha bodi kwa sababu ya rangi au kutu, redio itakwaruza hata fimbo ikiwa mpya. Ukishafungua nati, msasa mdogo chini ya wosha ni dakika moja iliyotumika vizuri.

Halafu kuna mtego unaowapata wenye magari yaliyotoka Japani. Antena imepona, fimbo imesimama wima, lakini vituo ni vilevile vichache. Tatizo ni redio. Japani ilipangia FM masafa ya megahezi 76 hadi 90, na redio za kiwandani za miaka hiyo zinaishia hapo. Huku kwetu FM inaanzia 87.5 hadi 108. Dereva wa Dar es Salaam ana bahati kidogo: Clouds ya 88.5, Wasafi ya 88.9 na Radio One ya 89.5 zinaingia kwenye dirisha hilo, lakini EFM ya 93.7 iko nje. Wa Nairobi ana shida kubwa zaidi, maana Capital iko 98.4 na Radio Citizen 106.7.

Kifaa cha kushusha masafa hufungwa kati ya waya wa antena na redio. Kikishusha kwa megahezi 20, Capital itasikika ukiweka redio kwenye 78.4, na Citizen kwenye 86.7. Lakini EFM ingeshuka hadi 73.7, chini ya uwezo wa redio. Kikishusha kwa 12, EFM inakuja 81.7 na Capital 86.4, ila Citizen inabaki 94.7, nje tena. Kabla ya kununua, andika vituo unavyosikiliza upige hesabu hiyo ya kutoa. Kifaa hiki kinahitaji umeme wakati redio inapopokea vituo, na mafundi wengi huuchukua kwenye waya wa bluu uleule wa antena.

Kuitunza na kuitafuta

Spea za magari ya umri huu zinapungua. Watengenezaji wenyewe wameliona hilo. Mazda walitangaza mwaka 2017 mpango wa kukarabati MX-5 za kizazi cha kwanza na kurudisha baadhi ya spea zake, na Toyota wana mpango wao wa spea za urithi uliogusa 2000GT na Supra za zamani. Hata hivyo mipango hiyo inachagua magari na vipuri, na haifiki kwa kila mtu. Mwenye Celica bado atategemea watengenezaji wengine wa fimbo, au spea zilizotumika za Gerezani jijini Dar es Salaam na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Nenda na fimbo ya zamani mkononi. Linganisha unene wa shingo, nati, urefu wa kamba na meno yake. Antena iliyotumika inunue ikiwa tu mwenye duka atakubali kuipima kwa betri mbele yako.

Ukishaifunga, matunzo yake ni kitambaa. Iache fimbo juu, ifute vumbi kuanzia chini hadi ncha, paka mafuta mepesi sana na uyafute tena. Grisi nzito ni adui: inakusanya mchanga na kuupeleka ndani ya mrija. Anayeishi pwani afute mara nyingi zaidi kwa sababu ya chumvi. Kabla ya masika, angalia mrija wa kutolea maji chini ya kasha kama umeziba, kwa sababu maji yakijaa humo yanaingia kwenye mota. Na kabla ya kumkabidhi muosha magari ufunguo, zima redio.

Mtihani kwa mnunuzi

Haya yote yanampa faida ya ziada anayetaka kununua gari la spoti la zamani. Simama nyuma ya gari, mwambie muuzaji awashe redio, kisha atoe ufunguo kabisa. Fimbo ikipanda bila kusitasita na kushuka yote baada ya ufunguo kutoka, umejua kwa nusu dakika kwamba umeme wa kudumu upo, muunganiko wa bodi ni mzuri, nyaya za redio hazikuchezewa, na kuna mtu aliyekuwa akiifuta fimbo hiyo kwa miaka.

Isipopanda, sikiliza. Mota ikinguruma, punguza bei kwa kiasi cha fimbo na usonge mbele. Hiyo si sababu ya kuliacha gari zuri. Kukiwa kimya, mwombe muuzaji aichomoe redio uone nyuma yake. Ukikuta nyaya zimesokotwa na kuzungushiwa selotepu, fungua na kasha la fyuzi kabla hujafungua pochi.